Msaada Uliofungwa Kwenye Mkataba wa Kazi: Maskini na Walemavu wa Lualaba Katika Nchi ya Kopa

Kingamyambo ni bwawa la mabaki ya madini pembeni mwa mji wa Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa miongo mingi kinu cha kuchenjulia madini cha Kolwezi kilimwaga huko tope lililobaki baada ya kopa kutolewa, na jingine likatiririkia bonde la mto Musonoi. Wataalamu walipokuja kupima mabaki hayo kwa ajili ya mradi mpya, walihesabu tani milioni 112.8 zenye kopa asilimia 1.49 na kobalti asilimia 0.32. Kilichokuwa kimetupwa kikawa mali ya kugombewa. Kampuni ya Kanada, First Quantum, ilikuwa na haki ya kuyachakata hadi mwaka 2009, serikali ya Kongo ilipoufuta mkataba wake. Januari 2012 kampuni ya ENRC, iliyokuwa imeuchukua mradi huo, ilikubali kuilipa First Quantum dola bilioni 1.25 ili kumaliza madai yake pamoja na yale ya migodi mingine ya First Quantum, Frontier na Lonshi.

Tope la Kingamyambo lilichimbwa, likasagwa na kumwagwa na wafanyakazi wa kampuni ya Union Minière na baadaye wa mrithi wake wa serikali, Gécamines. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango uliogharimu takriban dola milioni 43, yaani wastani wa kama dola 4,000 kwa kila mmoja. Wengi walikuwa wametumikia kampuni kwa zaidi ya miaka 25.

Dola bilioni 1.25 kwa kampuni na dola 4,000 kwa mfanyakazi: viwango hivyo viwili vinaibua swali ambalo Lualaba haijalijibu. Utajiri wa ardhi hii unamfikia vipi mtu asiyeweza kushika sururu wala kuajiriwa: mzee, mjane, kipofu, kijana aliyevunjika mgongo shimoni, mtoto aliyezaliwa na ulemavu? Kwa karne nzima jibu limekuwa moja. Unamfikia kupitia mkataba wa kazi, wake mwenyewe au wa mtu wa nyumbani kwake. Ajira ikiwepo, msaada upo. Ikikatika, msaada unakatika siku hiyohiyo. Sheria zimebadilika, kampuni zimebadilika majina na wenyewe, lakini fundo hilo halijafunguliwa.

Kampuni iliyokuwa baba na mama

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka ya mwanzo ilitegemea vibarua wa muda, waliokuja kwa miezi michache na kurudi kwao, na wengi walifia kambini kwa maradhi. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo. Ilitaka wafanyakazi wa kudumu, wenye wake na watoto, wanaozaa na kulea nguvukazi ya kesho hapohapo mgodini. Ndipo zilipojengwa nyumba za kambi, zahanati, shule na vituo vya akina mama, na posho ya unga ikagawiwa kwa kuhesabu vichwa vya familia.

Serikali ya Mobutu ilipoitaifisha kampuni hiyo mwaka 1967, Gécamines ilirithi migodi pamoja na utaratibu huo wote. Mfanyakazi wake wa Kolwezi alikuwa na nyumba, matibabu, shule ya watoto na chakula cha mwezi. Vizazi viwili au vitatu vilikulia humo, na hadi leo wazee wa mji wanaitaja Gécamines kama mzazi.

Malezi hayo yalikuwa na ukuta. Mwanamke aliingia kama mke wa fulani, na mtoto kama mtoto wa fulani. Aliyeumia kazini alitambuliwa, kwa kuwa jeraha lake lilikuwa deni la mwajiri. Aliyezaliwa kiziwi katika familia ya mkulima huko Mutshatsha hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Huyo aliachiwa ndugu, misheni na majirani. Ulemavu ulihesabika pale tu ulipotokea ndani ya saa za kazi, na hiyo ndiyo sehemu ya urithi wa kampuni iliyodumu kuliko kuta za nyumba zake.

Anguko

Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha takriban tani 476,000 za kopa. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka. Mitambo ilikuwa imechakaa, fedha za kampuni zilikuwa zimefyonzwa kwa miaka na watawala, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 30,000. Mishahara ilianza kuchelewa kwa wiki, kisha kwa miezi. Kwa kuwa shule, hospitali na posho vyote vilining'inia kwenye kampuni ileile, familia zilipoteza vyote kwa pamoja.

Ndipo ulipokuja mpango wa 2003, ulioitwa kuondoka kwa hiari na kugharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Karibu nusu ya wafanyakazi waliondoka. Mtu anayedai mishahara ya miezi mingi, akawekewa mezani fedha taslimu upande mmoja na kazi isiyolipa upande mwingine, hana nafasi kubwa ya kuchagua. Benjamin Rubbers, mwanaanthropolojia wa Ubelgiji aliyewafuatilia waliokuwa wafanyakazi hao na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2013, alieleza jinsi malipo yale ya mara moja yalivyokwenda kwenye madeni, karo, matibabu na biashara ndogo ambazo nyingi hazikusimama.

Mkupuo mmoja wa fedha hauwezi kufanya kazi ya pensheni. Dola 4,000 ziliweza kumaliza deni la duka na kuanzisha biashara ndogo. Hazikutosha kumtibu mzee mwenye kifua kibovu kwa miaka 15 iliyofuata. Vikundi vya waliokuwa wafanyakazi vimeendelea kudai haki zao kwa miaka mingi, na baadhi ya waliodai wamekwisha kufa.

Watoto na wajukuu wao walikuta njia moja iliyobaki wazi: kuchimba kwa mkono.

Mfuko unaomtafuta mwajiri

Sheria ya hifadhi ya jamii ya Kongo imesasishwa. Taasisi ya zamani ya INSS, iliyoanzishwa mwaka 1961, ilibadilishwa kuwa CNSS kufuatia sheria ya Julai 2016. Michango ni asilimia 18 ya mshahara: mwajiri asilimia 13, mfanyakazi asilimia 5. Humo mna asilimia 10 kwa pensheni, asilimia 6.5 kwa posho za familia na asilimia 1.5 kwa ajali na magonjwa ya kazini. Pensheni ya ulemavu imo, ya mjane imo, ya yatima imo. Watumishi wa serikali wana mfuko wao, CNSSAP, uliotokana na dekreti ya mwaka 2015.

Kwenye karatasi hakuna upungufu mkubwa. Shida inaanza pale mfuko unapouliza jina la mwajiri.

Makadirio yanayotumiwa mara nyingi yanaweka wachimbaji wa mkono wa Lualaba na Haut-Katanga kati ya 150,000 na 200,000. Hata walio kwenye vyama vya ushirika kwa jina hawana hati ya mshahara, na hakuna anayechanga ile asilimia 1.5 kwa niaba yao. Tarehe 27 Juni 2019, sehemu ya mgodi wa KOV, ulio chini ya Kamoto Copper Company, iliporomoka na kuua watu 43 walioingia kuchimba bila ruhusa. Tarehe 15 Novemba 2025, huko Kalando katika eneo la Mulondo, daraja la kujitengenezea lilianguka juu ya mtaro uliojaa maji na watu wasiopungua 32 wakafa. Vifo vya namna hiyo hutangazwa redioni. Aliyetoka hai na mguu uliokatwa hatangazwi, naye anarudi nyumbani akiwa mzigo kwa mama au mke ambaye naye anaishi kwa kuosha mawe au kuuza mihogo.

Hata ndani ya migodi mikubwa ajira haimaanishi ulinzi kamili. Mwaka 2021, shirika la RAID la Uingereza pamoja na kituo cha msaada wa kisheria cha CAJJ walichapisha uchunguzi wa migodi mitano ya viwandani. Waligundua kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia kampuni za wakandarasi, kwa mishahara na matibabu duni kuliko walioajiriwa moja kwa moja. Kima cha mshahara wa kumwezesha mtu kuishi Kolwezi walikikadiria kuwa dola 402 kwa mwezi. Mfanyakazi wa mkandarasi anapoumia, mkataba wake wa muda mfupi unaweza kuisha kabla jeraha halijapona, na mwenye mgodi anasema huyo si mtu wake.

Kuna kundi la tatu, ambalo mfuko wa aina hii hauwezi kabisa kulifikia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven walionyesha kwamba wakazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliogeuzwa mgodi baada ya kobalti kupatikana chini ya nyumba mwaka 2014, walikuwa na kobalti nyingi mno kwenye mkojo, na watoto kuliko watu wazima. Mwaka 2020 utafiti mwingine, uliofanyika hospitalini Lubumbashi na kuchapishwa na jarida la Lancet Planetary Health, ulikuta kwamba watoto ambao baba zao walifanya kazi zinazohusiana na migodi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za maumbile. Mtoto wa namna hiyo hajawahi kuwa mfanyakazi. Ulemavu wake unaweza kuwa na uhusiano na madini, ila hauna mwajiri wa kudaiwa.

Sheria ya 2022 na kilichokosekana

Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2019 serikali iliteua kwa mara ya kwanza waziri mjumbe wa watu wenye ulemavu, Irène Esambo, mwanasheria ambaye mwenyewe anaishi na ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 ikatiwa saini sheria ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu, inayogusa elimu, afya, kazi na majengo yanayofikika.

Hizo ni hatua za kweli, na wanaharakati walizipigania kwa miaka. Lakini mama wa Manika, mjini Kolwezi, mwenye mtoto asiyeweza kukaa wala kujilisha hapati, kwa sababu ya hali ya mtoto huyo pekee, fedha yoyote ya kila mwezi. Anachoweza kuomba ni cheti cha ufukara kutoka ofisi za kijamii, kinachoweza kumpunguzia gharama ya hospitali pale hospitali inapokubali kukipokea. Mengine huja kwa mkono wa hisani: baiskeli ya magurudumu matatu tarehe 3 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, gunia la unga wakati wa kampeni, msaada wa masista na makanisa. Baiskeli inamsaidia sana anayeipata. Tairi likiisha, hakuna ofisi yenye wajibu wa kununua jingine.

Kongo yenyewe ina mfano wa kinachotokea pale nafuu inapokuwa ya kudumu, hata kama ni ndogo. Tangu enzi za Mobutu, watu wenye ulemavu mjini Kinshasa walipata nafuu ya nauli na ushuru kwenye kivuko cha mto Kongo cha kwenda Brazzaville, mji mkuu wa nchi jirani. Hawakukaa kuisubiri hisani. Walijenga juu ya nafuu hiyo biashara nzima ya kuvusha bidhaa, wakaajiri wasaidizi, wakasomesha watoto, wakaunda vyama vyao. Nafuu hiyo ilikuwa desturi zaidi kuliko haki iliyolindwa, na biashara ya mtoni ilipovurugika, hasa baada ya Wakongo wengi wa upande wa Kinshasa kufukuzwa Brazzaville mwaka 2014, hapakuwa na pa kuidai. Somo lina pande mbili: kiasi kidogo kinachotabirika hubadili maisha, na kisichoandikwa hupotea.

Fedha zipo wapi

Hoja inayosikika zaidi ni kwamba nchi maskini haiwezi kulipa posho za kijamii. Mwaka 2024 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba karibu robo tatu ya Wakongo walikuwa wakiishi chini ya dola 2.15 kwa siku, na hoja hiyo ina uzito ukiitazama bajeti ya taifa zima. Ina uzito mdogo zaidi Kolwezi.

Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 ilipandisha mrabaha wa kopa hadi asilimia 3.5, na kobalti, iliyotangazwa baadaye mwaka huo kuwa madini ya kimkakati, hadi asilimia 10. Mrabaha huo hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta au uchifu ambao mgodi umo ndani yake, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kila kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Komine kama Dilala, Manika na Fungurume zimeingia kwenye orodha ya mamlaka za mitaa zenye mapato ambayo miaka 15 iliyopita hakuna aliyeyawaza.

Hesabu ya mfano inasaidia. Tani moja ya kobalti ikiuzwa kwa dola 30,000, mrabaha wake ni dola 3,000, na fungu la komine ni dola 450. Kwa tani 10,000, komine inapata dola milioni 4.5. Ikitenga sehemu moja ya kumi ya fungu hilo, yaani dola 450,000, inaweza kumlipa kila mmoja wa watu 2,500 dola 15 kwa mwezi, mwaka mzima. Madarasa na visima vya maji bado vingebaki na sehemu tisa.

Kwa kawaida fedha hizi huenda kwenye majengo na barabara, na wakazi wanavihitaji kweli. Jengo lina sifa moja zaidi machoni pa kiongozi: linaweza kuzinduliwa. Lakini shule isiyo na njia ya kuingilia kiti cha magurudumu, au zahanati inayodai malipo kabla ya huduma, haimfikii anayezungumziwa hapa. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ya umma ilitangazwa kuwa bure, na kwa familia nyingi mzigo ulipungua. Mtoto kiziwi hawezi kunufaika na darasa la bure lisilo na mwalimu wa lugha ya alama.

Majirani walivyofanya

Zambia, jirani wa kopa, ilianza majaribio ya kuwapa maskini fedha taslimu wilayani Kalomo mwaka 2003, mwaka uleule Gécamines ilipokuwa ikiwaaga watu wake. Mpango huo umekua hadi kufikia zaidi ya kaya milioni moja, na kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa hulipwa mara mbili. Haukukosa aibu: mwaka 2018 wafadhili walisimamisha fedha baada ya kubainika kwamba nyingine hazikuwafikia walengwa. Serikali ilibanwa, mpango ukaendelea.

Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe amewahi kuajiriwa au la. Hakuna mtihani wa umaskini, hivyo hakuna wa kumhonga mpimaji. Kenya huwalipa watu wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, katika mpango ulioanza mwaka 2011, na malalamiko makubwa huko ni ucheleweshaji: familia hukopa dukani kwa kutegemea malipo, na malipo yakichelewa riba inayala. Tanzania Bara iliweka kwenye sheria mwaka 2018 kwamba halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya usimamizi mbovu na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya.

Hakuna hata mmoja wa majirani hawa mwenye mpango safi. Kila mmoja, hata hivyo, amekubali kwamba mtu anaweza kudai kwa sababu ya umri wake au hali yake, bila kuulizwa aliajiriwa na nani.

Vikwazo vya kweli

Kuleta utaratibu huo Lualaba kunagusa mambo matatu magumu. La kwanza ni utambuzi. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho. Daftari la watu wenye ulemavu lingepaswa kuanzia mtaani, likiandikwa na kamati zenye vyama vya walemavu wenyewe ndani yake, na majina kubandikwa hadharani ili watu waweze kupinga. Wasioonekana kwa haraka, kama wenye ulemavu wa akili wanaofichwa majumbani, wangehitaji kutafutwa mlango kwa mlango.

La pili ni bei. Kobalti hupanda na kushuka kwa kishindo. Februari 2025 serikali ilisimamisha mauzo ya nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikaweka ukomo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki, kisha 96,600 kwa mwaka 2026. Posho inayotegemea mrabaha wa mwezi huu ingekatika mwezi ujao, kama posho ya Gécamines ilivyokatika. Kwa hiyo fungu la miaka ya bei nzuri lazima liwekwe akiba, kwa sheria ndogo inayozuia kuguswa kwa ajili ya kitu kingine.

La tatu ni usawa. Asilimia 15 huenda kwenye komine yenye mgodi. Kapanga na Sandoa, mbali na ukanda wa kopa, zina vipofu na wazee vilevile. Kwao fungu linalofaa ni asilimia 25 ya jimbo, la sivyo mpango utajenga ukuta mwingine kama ule wa kambi za kampuni, safari hii wa mipaka ya komine.

Malipo yenyewe ndiyo sehemu nyepesi. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimeenea Kolwezi, na mchimbaji anayeuza mfuko wa mawe anajua kupokea fedha kwa simu. Madiwani, bunge la jimbo na vyama vya walemavu wana nyenzo mikononi: sheria ya 2022 inayotaja haki, sheria ya madini ya 2018 inayoleta fedha. Kiungo kinachokosekana ni edikti, yaani sheria ya jimbo, itakayotaja kiwango, chanzo, tarehe ya malipo na mahali pa kulalamika. Bunge la Lualaba linaweza kuipitisha katika kikao kimoja cha bajeti, na mnufaika wa kwanza angeweza kuwa mtu aliyemwaga tope la Kingamyambo kwa miaka 25, ambaye leo hana nguvu tena za kumwaga chochote.